Kistari kwenye Safu ya Watoto

Usiku ule nililala nikiwa nimeiweka hati ya wakili kwenye kiti kando ya kitanda, na kalamu juu yake, ili asubuhi nisipate nafasi ya kufikiri. Mwanangu Fadhili alikuwa amesema atanipitia saa mbili. Kazi yenyewe, alisema, haizidi dakika tano: mimi nasaini mbele ya wakili, mjomba Anaeli anasaini kama shahidi, tunarudi nyumbani kunywa chai. Ndoto niliyoiota kabla ya asubuhi hiyo sijamsimulia mtu yeyote yote mpaka leo. Lakini ili uielewe, sharti kwanza nikueleze mama yangu alikuwa nani, na hati ile ilisema nini.

Mama yangu aliitwa Terezia. Alizaliwa hapa hapa Meru, wakati wa ile vita kubwa ya Wazungu, siku ambazo chini ya mlima wetu kulikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Ulaya. Wenyeji waliwaita wote Wapolishi, maana wengi wao walikuwa watu wa Poland, waliong'olewa makwao wakapelekwa kwenye nchi ya barafu, kisha wakazungushwa dunia mpaka wakatua kwenye migomba yetu. Bibi, mama yake mama, alikuwa msichana wa kufua mashuka ya hospitali ya kambi. Huko akakutana na mwanamume aliyemjua kwa jina moja tu, Kasimiri, fundi seremala aliyepungukiwa kidole kimoja. Mtoto alipozaliwa, Kasimiri ndiye aliyesema aitwe Terezia. Katika kijiji chetu cha Walutheri hapakuwa na mtu mwingine mwenye jina hilo.

Mama alipofika miaka minne kambi ikaanza kuvunjwa. Watu wakapakiwa kwenye malori, wakaenda kupanda meli. Kasimiri akaenda nao. Kama aliaga, bibi hakutusimulia.

Alichotusimulia ni habari ya masizi. Kila asubuhi, kabla mtoto hajatoka nje, bibi alikwangua masizi ya chungu, akayachanganya na mafuta ya nyonyo, akampaka nywele ziwe nyeusi kama za wenzake. Jua likishapanda, masizi yalimchuruzika shingoni. Watoto wakamwita Mpolishi mchafu. Jioni bibi alimwosha, asubuhi akampaka tena. Alifanya hivyo mpaka mama alipokuwa na akili ya kukataa.

Baadaye bibi aliolewa na mtu wa kwetu, akazaa watoto wa kiume, wa mwisho akiwa Anaeli. Yule baba wa kambo hakuwa mbaya. Alimlisha mama chungu kimoja na wanawe. Lakini alipokufa, wanawe wakagawana kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, na mama, ambaye wakati huo baba yangu alikuwa amemwacha na mimi mgongoni, akaomba apewe pembe ya kujenga kibanda. Mabinti waliorudi nyumbani walikuwa wakipewa. Anaeli akamjibu mbele ya watu: "Dada, wewe kagawiwe kwa baba yako."

Mama hakujibizana. Alipanga chumba kule sokoni, akawa mpishi wa shule ya msingi, na kwa mwiko ule ule akanisomesha.

Nami nilimlipa hivi. Nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni, alikuja siku ya kutembelewa wanafunzi. Alikuwa amevaa sweta ya kijani, amejifunga kitambaa kichwani, uso mweupe umepigwa jua mpaka umekuwa mwekundu. Wasichana wenzangu wakaniuliza yule ni nani. Nikawaambia ni sista wa misheni, anatoka parokia ya kwetu. Nilifikiri yuko mbali. Alikuwa nyuma yangu hatua tatu. Akanikabidhi kapu la ndizi mbivu na karanga, akanitazama, akasema kwa sauti ya watu wote kuisikia: "Haya mwanangu, msalimie mama yako nyumbani." Akaondoka kwenda kungoja basi.

Hatukulizungumza kamwe.

Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Wiki yake ya mwisho, amelala hospitalini, aliniuliza swali moja, bila uchungu, kama mtu anayeulizia jina la msafiri aliyewahi kukaa naye kwenye kiti kimoja: "Eli, hivi yule mtu jina lake kamili lilikuwa nani?"

Hata mimi sikulijua. Tulipomaliza matanga nikaanza kulitafuta.

Mimi nilifanya kazi miaka thelathini katika chumba cha majalada ya wagonjwa. Naijua karatasi. Najua mwandiko wa karani aliyechoka, na najua kwamba jambo lisiloandikwa, baada ya muda fulani, ni kama halikutokea. Basi nikaomba kibali, nikaingia kwenye nyumba ya nyaraka za zamani, nikaletewa rejista za kambi. Zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni. Kwa siku sita nilitafuta Kasimiri miongoni mwa Wapolishi, nikawapata wengi, kila mmoja na ukoo wake, na hakuna aliyekuwa wangu. Siku ya saba nikaacha majina, nikaanza kusoma safu ya alama za mwilini. Hapo nikamwona: mkono wa kushoto, kidole cha shahada hakipo. Fundi seremala. Jina, Kazys Vaitkus (Kazys, nilikuja kujua, ndilo Kasimiri la kwao), na pembeni mwake karani alikuwa ameliandika tena kwa namna mbili nyingine, zote za kubahatisha.

Kwenye safu ya taifa karani alikuwa ameandika Mpolishi. Neno hilo lilikuwa limekatwa kwa wino mwingine. Juu yake, kwa herufi nene za mtu asiyezoea kalamu lakini asiyetaka kukosea, kuliandikwa Mlithuania. Karani akaongeza pembeni: amesahihisha mwenyewe.

Nikateremka na kidole mpaka safu ya watoto. Palikuwa na kistari. Kistari kimoja, kifupi, kimenyooka.

Mtu huyu, katikati ya msukosuko wa kuondoka na malori yananguruma, alisimamisha foleni nzima ili asiandikwe kabila lisilo lake. Zamu ya mtoto wake ilipofika, hakusimamisha kitu. Nilinakili mstari wote, pamoja na kistari, nikarudi nyumbani. Siku ile nilishukuru kwamba mama amekufa.

Ningeishia hapo. Lakini nilimsimulia Fadhili.

Fadhili ana miaka thelathini na moja. Ni fundi wa mitambo ya baridi, mwenye cheti kizuri na kazi za miezi mitatu mitatu. Amewahi kuomba viza mara kadhaa, mara zote akanyimwa. Habari za ukoo hazikumsumbua hata siku moja, mpaka aliposikia neno Lithuania. Akachukua simu yake, akasoma, na jioni ile akanijia macho yanameta. Nchi ile, alisema, huwapokea vitukuu wa raia wake wa zamani waliotawanywa na vita. Kitukuu ni yeye.

Akawaandikia watunza nyaraka wa huko. Mwezi wa pili akajibiwa na mama mmoja kwa maneno ya upole sana, akatutumia picha ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo. Kazys, mtoto wa mkulima. Mama wa mtoto: Teresė. Fadhili aliponitafsiria nilitoka nje nikasimama uani. Kasimiri alimpa mama yangu jina la mama yake mzazi. Alijua anachokifanya alipompa, na alijua anachokifanya alipokiacha kile kistari.

Lakini ubatizo wake haukutosha. Palihitajika uthibitisho kwamba Terezia ni mtoto wake, na uthibitisho pekee uliopo duniani ulisema hana mtoto. Ndipo wakili akashauri hati ya kiapo. Iliandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Ilisema bibi yangu alifunga ndoa na Kazys Vaitkus katika kanisa la kambi, mbele ya padri, na kwamba kumbukumbu zimepotea. Ilisema Kazys alimtambua Terezia kuwa binti yake halali, akamtunza na kumlea hadi alipohamishwa kwa nguvu. Mimi ningeapa kwamba niliyasikia haya kwa mama yangu mwenyewe. Mjomba Anaeli, aliyezaliwa miaka mingi baada ya malori kuondoka, angeapa kwamba aliyasikia kwa mama yake. Fadhili alikuwa amemwahidi kwamba akifika huko atamvuta mjukuu wake mmoja.

"Mama, hatumdhulumu mtu," Fadhili aliniambia. "Wote wamekufa."

Basi hiyo ndiyo hati niliyolala nayo.

Nikaota niko kwenye chumba cha nyaraka. Ni mchana, mwanga mweupe unaingia kwenye vile vidirisha vya juu. Rejista iko wazi mbele yangu. Nasikia mtu anavuta kiti upande wa pili wa meza, nainua uso, naye ni mama.

Amevaa sweta ya kijani. Miguu yake ni mitupu na imelowa, kama ametoka mtoni. Umri wake siuelewi: uso ni wa uzee wake, mikono ni ya msichana. Nywele hazina kitambaa. Ni nyeusi tii, zinang'aa mafuta.

"Shikamoo, mama."

Hajibu mara moja. Katika uhai wake marahaba yake ilikuwa inaniwahi kabla sijamaliza. Sasa ananitazama kwanza.

"Marahaba, Eli."

Nataka kunyanyuka nimshike, na naona kabisa kwamba meza ni pana kuliko ilivyokuwa. Kisha masizi yanaanza kumtiririka. Yanatoka nyweleni, yanapita shavuni, yanakusanyika kidevuni. Tone la kwanza linaangukia ukurasa. Naangalia linavyosambaa karibu na lile jina, na mikono yangu inafanya kazi kabla ya moyo: naivuta rejista upande wangu, naifunika kwa kifua.

Mama anajipangusa kidevu kwa mkono wa sweta.

"Umekiokoa kitabu," anasema.

Hakusema kwa hasira. Nilitafuta leso mfukoni, nikazikuta karatasi, karatasi tupu, mfuko mzima. Nilipoinua uso tena meza haikuwapo.

Tulikuwa kando ya kijito kilicho chini ya kambi. Naijua sehemu ile, siku hizi kuna pampu ya maji. Lakini katika ndoto kuna mawe ya kufulia, na mashuka yametandazwa juu ya nyasi, meupe, mengi, yanapanda kilima mpaka kwenye vile vibanda vya mviringo vya wakimbizi. Bibi yuko majini hadi magotini. Ni msichana. Kanga ameikunja kiunoni, anapiga shuka kwenye jiwe, anapiga, hageuki. Nilimwamkia, hakunisikia. Nilijua kwamba akigeuka ataona kinachotokea nyuma yake, na nilijua hatageuka mpaka kimalizike.

Kule juu malori yanapasha injini moto. Watu wamepanga foleni, na masanduku yao ya mbao, na watoto wao waliovalishwa makoti kwenye jua la Meru. Mwanzo wa foleni kuna meza na karani. Mimi nimesimama nyuma ya karani, karibu kabisa, naona bega lake na sikio lake na kile kitabu. Na ninajua kitabu kile. Nimekisoma siku saba.

Anayefuata ni yeye. Sijawahi kuona picha yake. Hata sasa nikifumba macho siuoni uso, naona mikono, na nafasi ya kidole. Karani anauliza, anaandika. Anauliza, anaandika. Kisha mwanamume anainama, anatazama kilichoandikwa, anatikisa kichwa. Ananyoosha mkono. Karani anampa kalamu. Foleni nzima inangoja. Anakata neno, anaandika lake, polepole, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Mama alikuwa akifanya vile vile alipokuwa akiandika barua. Nilipouona ulimi ule nilitamani kumchukia zaidi, nikashindwa, na kushindwa huko ndiko kuliniuma.

Kwenye ukingo wa meza kuna vidole vinne vidogo. Mtoto amesimama upande ule, urefu wake haufikii juu ya mbao. Anajinyoosha aone. Ni mama. Nywele zimepakwa, masizi yameshafika kwenye ukosi wa gauni.

Karani anasema, bila kuinua kichwa: "Watoto?"

Hapo nilipiga kelele. Nilisema yupo, huyu hapa, mtazame. Nilisema jina lake. Hakuna sauti iliyotoka. Mdomo wangu ulikuwa umejaa kitu kama unga mkavu. Nikajaribu kumshika karani bega na mkono ukapita kama umeshika moshi. Mwanamume bado ana kalamu mkononi. Anamtazama mtoto. Alimtazama sana, siwezi kusema hakumtazama. Kisha akainama akachora kile kistari mwenyewe. Hakukichora kwa haraka. Alikichora kwa uangalifu ule ule.

Akarudisha kalamu. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, akakiacha pale kidogo. Alipokiondoa kilikuwa cheusi. Akakitazama, akatoa leso, akajifuta kidole kimoja kimoja, vyote vinne, akaikunja leso na kuirudisha mfukoni. Akapanda lori.

Mtoto hakulia. Aligeuka, akanitazama mimi. Mimi tu, kati ya watu wote wale, kana kwamba ananifahamu.

Lori likaondoka, na vumbi lake likajaa kila mahali, na vumbi lilipotua tulikuwa wodini.

Ni kile kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, alichofia. Mama amelala, mto umewekwa juu kidogo. Sasa umri wake naujua. Nimekaa kwenye stuli kando yake, kama nilivyokaa siku zile. Mikononi nina ile hati ya wakili.

"Nisomee," anasema.

Namwambia ni mambo ya Fadhili tu, mambo ya safari, atachoka. Anafumba macho, anangoja. Mama alikuwa mtu wa kungoja, ukimnyima jibu anakungoja mpaka aibu ikushike. Basi nikaanza kusoma. Nilisoma kwa sauti ya ofisini, ya haraka, ile tuliyokuwa tukiitumia kuwasomea wagonjwa masharti ili waweke dole gumba. Nikasoma habari ya kanisa na padri. Uso wake haukubadilika. Nikasoma habari ya kumbukumbu zilizopotea. Akatabasamu kidogo. Nikafika pale panaposema alimtambua kuwa binti yake halali, akamtunza na kumlea.

Akafumbua macho.

"Alinitunza lini?"

Niliangalia karatasi, kana kwamba imeandikwa mle.

"Eli. Nakuuliza. Alinitunza lini?"

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mtu amejifunika gubigubi, na kwenye kile cha tatu, na kote mpaka mlangoni, na nilihisi wote wameacha kupumua wanisikilize. Nikataka kumwambia, mama, si mimi niliyeandika. Nikataka kumwambia ni maneno tu, ya kupitisha jambo. Lakini niliwaza siku ile ya shule, na lile kapu la ndizi, na mdomo ukakauka tena kama ulivyokauka kule kwenye malori. Maana hata siku ile niliyasema kwa kupitisha jambo tu.

Naye alijua ninachokiwaza. Waliokufa wanajua, au katika ndoto tunawajalia kujua. Akanyoosha mkono, akanigusa goti. Mkono ulikuwa wa baridi, wenye makovu ya moto wa jiko la shule.

"Yule niliuliza jina lake tu," alisema. "Sikuuliza kingine. Jina umelipata?"

"Nimelipata, mama."

"Basi litaje."

Nikalitaja, lote, kama lilivyoandikwa. Alilirudia mara moja bila kukosea hata kidogo, na mimi mwenyewe lilikuwa limenishinda wiki nzima. Kisha akalala tena, kama mtu aliyekwishapewa alichokuja kukidai.

Nilifikiri amemaliza. Nilikuwa nakunja hati, nikisema moyoni, haya, amelijua, yameisha, labda nisaini tu. Ndipo akasema, macho yamefumbwa:

"Mwambie Fadhili aende. Sijamzuia. Njia za kwenda kwa watu ziko nyingi, atafute yake. Asipite juu yangu."

"Hapiti juu yako, mama. Anatafuta maisha."

"Walipanda lori juu yangu. Wakagawana kihamba juu yangu. Wewe nawe ulipita." Alisema hili kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionivunja. "Nimechoka kuwa mahali pa watu kupita."

Nilimwita. Nilimwita jina ambalo sikumwita siku ile mbele ya wasichana, nikaliita kwa sauti kubwa, mama, mama, na safari hii sauti ilitoka, na ndiyo iliyoniamsha.

Kulikuwa kumekucha. Nje kwenye geti honi ya gari ililia mara mbili, nikajua ni saa mbili na mimi bado niko kitandani. Hati ilikuwa kwenye kiti, na kalamu juu yake.

Fadhili aliingia amenyoa, amevaa shati la kwendea ofisini. "Shikamoo, Mama. Bado hujavaa?"

"Marahaba. Kaa kwanza."

"Mjomba yuko garini. Wakili ana kesi saa tatu."

"Nimeonana na bibi yako," nikasema.

Kwetu mtu akisema hivyo haulizwi maswali. Alivuta kile kiti, akaishika hati na kalamu magotini, akakaa. Sikumsimulia masizi wala malori. Nilimwambia lile lililomhusu: kwamba aende, kwamba hakuna aliyemzuia, ila asipite juu ya bibi yake.

Akaitazama hati.

"Kwa hiyo husaini."

"Sisaini."

"Kwa sababu ya ndoto."

"Kwa sababu ni uongo, mwanangu. Nilijua ni uongo kabla sijalala."

"Yule mzee alidanganya, Mama. Alisema hana mtoto. Sisi tunarekebisha tu."

"Haturekebishi. Tunamwandikia kwamba alikuwa baba mwema. Alimtupa mtoto, na sisi tunampa cheti cha malezi."

Akasimama. Alikunja hati mara nne, akaitia mfukoni. Sijui alitaka kuifanyia nini. Bila saini yangu haikuwa na kazi. Mjomba Anaeli alipiga honi tena. Mlangoni Fadhili alisimama, amenipa mgongo, na nikaona jinsi mabega yake yalivyo kama ya mama.

"Bibi asingeninyima mimi," alisema. "Wewe unajua. Asingeninyima."

Akatoka. Gari likaondoka. Tangu siku ile hajaingia kwangu, ananitumia salamu kwa majirani, na salamu zenyewe ni fupi.

Na pale mlangoni alisema kweli. Alipokuwa hai mama hakumnyima Fadhili kitu chochote, hata nyama ya kwenye sahani yake alimhamishia. Mara moja tu alipomnyima, alikuwa ameshakufa, na akanituma mimi.